Mtamba Pacha wa Dume: Kilichompata Tumboni

Jirani yangu wa Uthiru, viungani mwa Nairobi, alimnunua mtamba wa Friesian akiwa na miezi minane. Alimpendea kifua kipana na miguu iliyonyooka, akalipa kwa simu papo hapo, akampakia kwenye pikapu hadi nyumbani. Akamlisha nepia na nyasi kavu za marobota, na kila jioni kopo mbili za chakula cha madukani, mwaka mzima na zaidi. Kisha akaanza kungoja dalili za joto: ng'ombe kulia usiku kucha, kuparamia wenzake, ute mwembamba kuning'inia nyuma. Hakuona kitu. Akanunua chumvi ya madini, kimya. Akaita mtu amdunge sindano ya kuleta joto, mara mbili, kimya. Mtamba alizidi kunenepa tu, shingo ikajaa kama ya fahali, na majirani wakaanza kusema yao. Kuna aliyesema karogwa. Mzee mmoja akatamka neno la Kikuyu ambalo hakuna mwenye ng'ombe anayetaka kulisikia zizini mwake: thaata. Tasa.

Hatimaye akaja daktari wa mifugo. Alivaa glovu inayofika begani, akaipaka mafuta, akaingiza mkono kupitia njia ya haja kubwa, maana mji wa mimba wa ng'ombe hupapaswa kupitia ukuta wa utumbo. Alipapasa kwa muda mrefu, macho kayafumba. Kisha akatoa mkono na kuuliza swali moja: "Huyu alizaliwa peke yake, au alikuwa pacha?" Jirani hakujua. Akampigia muuzaji. Baada ya kimya cha kusikika, jibu likaja: ndiyo, walikuwa wawili, na mwenzake alikuwa dume.

Habari hiyo ilivuka Uthiru ikafika Kinoo, na kila ilipotua ilibadilika sura. Wapo walioapa kwamba pacha yeyote wa mnyama ni tasa, heri wauzwe wote. Wapo waliosema kosa ni la mbegu za kupandikiza. Lakini kilichonifanya niandike ni mama mmoja wa mtaani petu aliyejifungua pacha mwaka jana, wa kiume na wa kike. Alinivuta kando dukani akaniuliza kwa sauti ya chini: "Na huyu wangu wa kike, naye itakuwa hivyo?"

Nilimjibu pale pale kwamba hapana. Sababu ya hapana hiyo, na sababu ya mtamba wa jirani kukosa kizazi, ni hadithi moja. Inaanza siku arobaini tu baada ya ng'ombe kushika mimba, wakati ambapo mwenye ng'ombe mara nyingi hana hata uhakika kama mimba imeshika.

Maneno machache kwanza, tusije tukapotezana. Kiinitete ni kiumbe katika wiki zake za mwanzo, kabla viungo havijajitenga vizuri. Kijusi ni kiumbe huyo huyo akishapata umbo. Tishu ni seli nyingi za aina moja zinazofanya kazi pamoja, kama genge la mafundi kwenye mjengo: hawa wa mawe, wale wa mbao, wale wa nyaya. Homoni ni ujumbe unaotengenezwa na tishu moja, ukasafiri kwa damu, ukaamrisha tishu nyingine iliyo mbali. Na kromosomu ni vifurushi vya maagizo ya urithi ndani ya kila seli. Ng'ombe ana kromosomu 60, yaani jozi 30, na jozi moja kati ya hizo ndiyo inayohusika na jinsia. Jike ana X mbili, dume ana X na Y.

Yai la ng'ombe daima hubeba X. Mbegu ya fahali hubeba ama X ama Y. Kwa hiyo ng'ombe anayezaa ndama dume miaka mitatu mfululizo hana kosa lolote, na anayemuuza kwa sababu hiyo anamwonea. Ajabu ni kwamba kwa kuku mambo ni kinyume: huko ni yai la tetea linaloamua, jogoo hana usemi.

Sasa twende tumboni.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 na kitu. Katika wiki tano za mwanzo, ukimtazama kiinitete kwa hadubini huwezi kumwita jike wala dume kwa maumbile yake. Kromosomu zimeshaamua, lakini mwili bado. Kando ya figo za muda za kiinitete kuna matuta mawili madogo ya tishu, kushoto na kulia. Matuta hayo yanaweza kuwa korodani, na yanaweza kuwa ovari. Ni tishu ile ile, inangoja agizo.

Seli zenyewe zitakazokuja kuwa mayai au mbegu hazitokei kwenye matuta hayo. Hutokea mbali, kwenye kifuko cha kiini kilicho nje ya mwili wa kiinitete, kisha husafiri, seli moja moja, zikipita ukutani mwa utumbo mchanga hadi zifike kwenye matuta na kutulia. Nimesoma jambo hili mara nyingi na bado linanishangaza: mbegu ya kizazi kijacho huhamia nyumbani kwake kwa miguu, kama mtu aliyetoka ushago kuja Nairobi na begi moja.

Kando ya matuta kuna mabomba. Hapa naomba msomaji afikirie ploti inayojengwa pale Kikuyu au Ruaka. Fundi wa mabomba hajui kama mwenye nyumba ataweka jiko upande huu au ule, kwa hiyo anapitisha bomba pande zote mbili ukutani kabla ya kupiga plasta. Baadaye moja litaunganishwa na maji, jingine litazibwa na kusahaulika. Ndivyo ilivyo kwa kila kiinitete, awe jike au dume. Ana jozi mbili za mirija. Jozi ya kwanza, iitwayo mirija ya Wolff, ikitunzwa itakuwa njia za kupitisha mbegu za dume. Jozi ya pili, mirija ya Müller, ikiachwa ikue itakuwa mirija ya mayai, mji wa mimba, mlango wa mji wa mimba na sehemu ya ndani ya uke. Kila ndama dume uliyewahi kumwona akirukaruka malishoni aliwahi kuwa na mwanzo wa mji wa mimba. Kila mtamba aliwahi kuwa na mwanzo wa mirija ya mbegu.

Nani hufungua bomba moja na kuziba jingine? Kwenye kromosomu Y kuna jeni moja, yaani agizo moja la urithi, iitwayo SRY, iliyotambuliwa na watafiti wa London mwaka 1990. Jeni hiyo huwaka kwa muda mfupi, kwa ng'ombe ni kabla tu ya siku ya arobaini hivi, na kazi yake ni kuliambia tuta: kuwa korodani. Korodani ikishaanza, hata ikiwa ndogo kuliko punje ya mchele, hutuma ujumbe wa aina mbili. Ujumbe wa kwanza ni testosteroni, unaoiambia mirija ya Wolff ibaki na ikue. Ujumbe wa pili ni homoni inayoua mirija ya Müller, ile ambayo ingekuwa mji wa mimba. Weka kidole hapo kwenye hiyo homoni ya pili, maana ndiyo iliyomnyima mtamba wa jirani yangu kizazi.

Kwa kijusi jike, hakuna Y, hakuna korodani, hakuna ujumbe huo. Mirija ya Müller inaendelea kukua na ile ya Wolff inanyauka. Mfaransa Alfred Jost alionyesha jambo hili miaka ya 1940 kwa kuwapasua vijusi vya sungura wakiwa bado tumboni mwa mama zao na kuondoa tezi zao za uzazi, yaani korodani au ovari zao changa. Wote, hata waliokuwa na Y, walikua na njia za kike.

Kutokana na hapo vitabu vingi vikaandika kwamba kuwa jike ni hali inayokuja yenyewe, kwamba jike ni yule tu aliyekosa kuwa dume. Mimi nadhani sentensi hiyo imepotosha watu wengi, na mbuzi wanaikanusha, kama tutakavyoona. Ovari nayo hujengwa. Ina jeni zake zinazofanya kazi usiku na mchana kuzuia isigeuke korodani.

Na kazi inayofanyika humo ni kubwa. Kijusi cha ng'ombe jike, kikifika karibu theluthi ya mimba, huwa na mayai zaidi ya milioni mbili kwenye ovari zake. Kisha mengi hufa, na siku ya kuzaliwa hubaki makumi ya maelfu hadi laki moja na kitu. Hataongeza hata moja maishani. Yai litakalokuwa ndama wako wa mwaka ujao lilitengenezwa wakati mama yake mwenyewe alipokuwa bado tumboni mwa bibi.

Sehemu za nje hufuata baadaye kidogo. Kuna kijiti kidogo kinachoota katikati ya miguu ya nyuma ya kijusi, nacho pia ni kile kile kwa wote. Kwa dume husogea mbele kuelekea kitovu, kwa jike husogea nyuma kuelekea mkia. Karibu siku ya sitini huwa kimeshafika, ndiyo maana daktari mwenye mashine ya kupima kwa mawimbi ya sauti anaweza kukwambia jinsia ya ndama mimba ikiwa na miezi miwili tu. Anachotafuta kwenye kioo ni alama ndogo nyeupe: iko karibu na kitovu, au iko chini ya mkia?

Tangi moja, nyumba mbili

Hadi hapa tumezungumzia kijusi mmoja. Kwa ng'ombe wa maziwa, katika kila uzao mia moja, mitatu hadi mitano hivi huwa ya mapacha. Mara nyingi ni mayai mawili tofauti, mbegu mbili tofauti, kwa hiyo wanaweza kuwa madume wawili, majike wawili, au mmoja mmoja.

Kila kijusi ana kondo lake la nyuma. Lakini kwa ng'ombe, tofauti na wanyama wengi, makondo ya mapacha hukutana mapema na kushikana, na mishipa yao ya damu huungana. Hili hutokea kuanzia karibu siku ya thelathini hadi arobaini. Kuanzia hapo damu ya huyu inapita kwa yule na ya yule inapita kwa huyu.

Anayeishi kwenye ploti za Nairobi analijua jambo hili. Nyumba mbili zina mita tofauti, milango tofauti, lakini maji yanatoka kwenye tangi moja juu ya paa. Mpangaji wa nyumba ya kwanza akimwaga kitu ndani ya tangi, wa nyumba ya pili atakioga asubuhi bila kuambiwa.

Sasa angalia saa. Korodani ya dume huanza kazi karibu siku ya arobaini, mapema kuliko ovari ya dada yake. Mishipa imeshaungana. Homoni ya kuua mirija ya Müller, ambayo dume anaitengeneza kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, inamwagika kwenye tangi la wote. Inafika kwa dada, inakuta mirija yake ya Müller ndiyo kwanza inaanza, na inafanya kile inachofanya siku zote. Mji wa mimba unabaki uzi. Ovari zinadumaa, mayai yanapotea, na mara nyingine ndani yake hujitokeza vijibomba kama vya korodani.

Na nje? Nje huonekana jike, mara nyingi jike kamili, kwa sababu kubadilisha sehemu za nje kunahitaji testosteroni nyingi kuliko inayomfikia. Ana chuchu, anakojoa kama jike, ana sura ya kike. Hapo ndipo mnunuzi anapokamatwa. Madaktari wa mifugo humwita mtamba wa namna hii frimatini, na kati ya majike wanaozaliwa pacha na dume, zaidi ya tisa kwa kila kumi huwa hivyo.

Wafugaji walilijua hili kabla ya wanasayansi. Daktari mpasuaji wa London, John Hunter, aliwapasua ng'ombe kadhaa wa aina hii na kuandika alichokiona mwaka 1779, lakini sababu hakuijua. Ilingoja karne ya 20. Huko Vienna, Tandler na Keller waliona mishipa iliyoungana, na huko Chicago, Frank Lillie akakusanya vijusi pacha kutoka kwenye machinjio makubwa ya mji huo, akafuatilia mishipa mmoja mmoja, na mwaka 1916 akasema wazi: kuna kitu kwenye damu ya kaka. Neno homoni lilikuwa bado changa. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu jinsia ya mwili kujengwa ilianzia kwenye matumbo ya ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya nyama, na yeyote aliyewahi kusimama kwenye machinjio ya Dagoretti alfajiri ameyaona yale yale matumbo bila kujua yamebeba elimu ya kiasi gani.

Tangi hilo halipitishi homoni peke yake. Linapitisha pia seli za damu, na baadhi huhamia kwa pacha wa pili na kukaa humo maisha yote. Mwaka 1945 Ray Owen, Mmarekani, aligundua kwamba ng'ombe pacha mtu mzima anaweza kuwa na damu za aina mbili, yake na ya nduguye, na mwili wake usizipige vita. Hilo lilimfikia Peter Medawar, aliyekuwa akipandikiza ngozi kwa ng'ombe pacha nchini Uingereza, na likasaidia kufungua elimu ya jinsi mwili unavyojifunza kukubali tishu za mwingine. Medawar alipata tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kila ninaposikia mtu amepewa figo na nduguye, nawakumbuka hawa ndama.

Kwa mfugaji jambo hilo lina faida ya moja kwa moja: frimatini ana seli zenye Y kwenye damu yake ingawa ni jike. Maabara ikizitafuta, itazipata. Ndiyo maana sampuli inayotakiwa ni ya damu. Nywele au kipande cha ngozi vitaonyesha zaidi seli zake mwenyewe za kike na kukudanganya.

Nani asiogope

Turudi kwa mama wa dukani. Kwa binadamu, mtoto wa kike na wa kiume waliobebwa pamoja kila mmoja huwa na mzunguko wake wa damu. Makondo yanaweza kugusana, hata kuonekana kama yamekuwa kitu kimoja, lakini mishipa kwa kawaida haiungani. Tangi ni mawili. Binti yake ataota, atavunja ungo kama wenzake, na akitaka atazaa. Nilimwambia hivyo, na naandika tena hapa kwa kila mama na kila shangazi aliyewahi kumtazama binti pacha kwa jicho la huruma asilostahili.

Mbuzi na kondoo huzaa mapacha kila siku, dume na jike, na majike hao huzaa vizuri, kwa sababu ile ile. Kondoo frimatini wapo, lakini ni wachache sana. Nguruwe hubeba watoto kumi na zaidi kwa siku zake 114, madume na majike wamepangana kama maharagwe kwenye ganda, na majike huwa na uzazi wao. Kwa hiyo anayesema pacha wote wa wanyama ni tasa anachukua tabia ya kondo la ng'ombe na kuwabebesha wanyama wote.

Hata kwa ng'ombe, majike wawili pacha hawana shida, kwani hakuna korodani ya kumwaga chochote kwenye tangi. Na dume pacha wa jike kwa kawaida huwa na uwezo wa kuzalisha, ingawa anayetaka kumfuga kwa mbegu ampime kwanza, maana wengine mbegu zao huwa hafifu. Mama aliyewazaa hana kasoro. Mimba ijayo akizaa jike mmoja, huyo hakurithi kitu.

Mbuzi wana tatizo jingine, na hapa ndipo uchawi husingiziwa zaidi. Mbuzi anazaliwa akidhaniwa jike, anakua, kisha anaanza kunuka kama beberu, anapigana, na ukiangalia chini ya mkia kisimi kimekuwa kirefu kama kidole. Watu humwita huntha, na nimeshawahi kumwona mmoja akichinjwa kwa haraka na kuzikwa, watu wakiogopa hata nyama yake. Si laana, na nyama yake haina neno. Inahusu pembe. Kwa mbuzi wa maziwa wenye asili ya Ulaya, kama Saanen, Toggenburg na Alpine, jeni inayowanyima pembe imeshikana na hitilafu inayozima kazi ya jeni nyingine iitwayo FOXL2, moja ya zile nilizosema zinailinda ovari isigeuke. Mwana jike akirithi hitilafu hiyo kutoka kwa baba na kwa mama pia, ovari zake zinageuka kuwa korodani, ingawa hana Y hata moja. Watafiti wa Ufaransa waliianika hitilafu hiyo mwaka 2001. Wafugaji wengi wa viungani mwa Nairobi hupenda mbuzi wasio na pembe kwa sababu hawaumizi watoto wala kuvunja banda. Wafugeni, lakini beberu asiye na pembe apandishe jike mwenye pembe, au kinyume chake. Mzazi mmoja awe na pembe, basi.

Na mbegu za kuchagua jinsia? Nimesikia ikisemwa kwamba zinamgeuza dume akiwa tumboni na kwamba ndizo zinazoleta mitamba tasa. Hazimgeuzi mtu. Mbegu yenye X ina vinasaba zaidi kidogo kuliko yenye Y, kama asilimia 4 kwa ng'ombe. Mashine hutumia tofauti hiyo kuzitenga maabara, kabla hazijaingia kwenye mrija wa kupandikizia. Takriban tisa kwa kumi ya ndama huwa majike. Na ukifikiri vizuri, mbegu hizi hupunguza frimatini, kwa sababu hata mimba ikiwa ya pacha, uwezekano ni kwamba wote wawili ni majike.

Kuna jambo moja ambalo mfugaji ana mkono wake ndani, nalo ni chakula. Watafiti wa Ireland waliwapunguzia mitamba chakula kuanzia kabla ya kushika mimba hadi karibu mwezi wa nne, kisha wakawalisha kawaida. Ndama majike walizaliwa na uzito wa kawaida, wenye afya, lakini ovari zao zilionyesha mayai machache kuliko ya wenzao. Soma hilo pamoja na kiangazi chetu. Wengi wetu humpa ng'ombe chakula kizuri akikaribia kuzaa, kwa sababu tumbo linaonekana na maziwa yanakuja. Miezi mitatu ya kwanza, tumbo likiwa tambarare, tunamwachia mabua. Kumbe ndiyo miezi ambayo ovari ya binti yake inajengwa.

Kuhusu tiba, niseme bila kuzunguka. Sindano ya kuleta joto huamrisha ovari. Hapa hakuna ovari ya kuamrishwa. Chumvi ya madini humsaidia ng'ombe mwenye kizazi kilicholegea. Hapa kizazi hakikujengwa. Anayekuuzia dawa ya frimatini anakula pesa yako. Kinachowezekana ni kujua mapema, na hicho ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ndama jike akiwa na wiki moja hadi nne, daktari huchukua mrija laini wa plastiki wenye ncha ya mviringo, unene wa kidole kidogo, wenye alama za sentimita. Anaupaka mafuta, anauingiza taratibu ukeni, kwanza kwa kuuelekeza juu kidogo kisha sawa. Kwa ndama mzima utaingia sentimita 12 hadi 15. Kwa frimatini utagota kwenye 5 hadi 8, kwa sababu ile sehemu ya ndani, kazi ya mirija ya Müller, haipo. Ni jambo la dakika mbili. Ukibaki na shaka, damu ipelekwe maabara. Kwa wakazi wa upande wetu, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo Kabete, na kuuliza si ghali.

Kama una wasiwasi, usiwapime tu wale waliozaliwa pacha. Mara nyingine kaka hufa mapema tumboni, baada ya mishipa kuungana, mwili wake ukayeyuka bila mtu kujua. Dada anazaliwa peke yake, muuzaji anaapa kwa haki kwamba hakuwa pacha, na bado ni frimatini.

Jirani yangu alimpeleka mtamba wake Dagoretti. Akaomba aruhusiwe kuona ndani, na mchinjaji, kijana mpole, akamsubiri. Pale ambapo mji wa mimba ungekuwa na pembe zake mbili zilizojikunja kama za kondoo dume, palikuwa na utando mwembamba wenye uzi mweupe katikati, haufiki unene wa kamba ya kiatu. Aliushika kwa vidole viwili, akautazama kwa muda, akasema tu: "Kumbe hakuwa na kitu cha kunipa."

Jumamosi iliyopita tulikwenda pamoja kumwona ndama mwingine, wa wiki tatu, kwa mama mmoja wa Wangige. Mama alisema alizaliwa peke yake, na mtoto wake akathibitisha, yeye ndiye aliyekesha naye. Jirani aliwashukuru, kisha akaomba radhi na kumwita daktari aliyekuwa akingoja langoni. Ndama alishikwa kichwa, akalalamika kidogo, mkia ukainuliwa. Sote tulinyamaza. Mrija uliingia ukapita alama ya 5, ukapita ya 8, ukaenda kutulia kwenye 13.